Waraka wa Kuhifadhi Vitabu

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo, na wananchi wake wenyewe ndio walionisihi niseme hivyo mapema. Kwa hiyo ukiona jambo humu linafanana na la kwenu, ujue ni macho yako tu, na macho ya namna hiyo nchini kwetu huandikiwa barua ya kujieleza.

Mimi ni Mzee Kondo, karani wa Shule ya Msingi Tulizana kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yangu ni kuchapa barua kwa taipureta, kutunza kitabu cha wageni, na kusikiliza. Hiyo ya tatu haimo kwenye barua yangu ya ajira, ila kila karani nchini anaijua. Ofisi yangu ilipakana na maktaba, katikati ukuta wa tofali moja tu, na masikio Mungu amenijalia. Sina tabia ya kumshuku mtu bila sababu. Sababu huwa nazipata baadaye.

Kwanza nikueleze habari ya kusoma, maana ndipo mambo yalipoanzia. Kwetu mtoto akishaandikishwa shule, basi anasoma. Muulize mama yake, "Mwanao yuko wapi siku hizi?" atakujibu, "Anasoma." Muulize Waziri, "Watoto wa nchi hii wanasoma?" atakujibu, "Wote wanasoma," wala hatakuwa amesema uongo, kwa kuwa wote wameandikishwa. Mwaka ule Wizara ilitangaza kwamba watoto wanaosoma wamefikia asilimia mia moja na mbili. Zile mbili za ziada walikuwa ni wale ambao hawajazaliwa ila wazazi wao wameshaahidi.

Darasani mwalimu aliandika sentensi ubaoni, akaigonga kwa fimbo, na watoto sabini wakaiitikia kwa pamoja. Ni sauti tamu. Ilisikika mpaka barabarani, na mpita njia akajua kuwa taifa linasonga mbele. Kama mtoto mmoja akiachwa peke yake na sentensi ileile angeweza kuisoma, hilo halikuwahi kuulizwa, na mimi sikuona haja ya kuwa wa kwanza.

Maktaba nayo tulikuwa nayo. Jengo zuri, bati jekundu, madirisha ya kioo, na ndani vitabu vipya ndani ya maboksi yao. Lilikamilika miaka sita kabla ya haya ninayoyasimulia. Tatizo lilikuwa utepe. Utepe wa kijani ulifungwa mlangoni, usawa wa kiuno cha mtu mzima, ukimsubiri mgeni rasmi aje aukate, na kwa mujibu wa sheria zetu hakuna mwingine anayeruhusiwa kuukata. Mgeni rasmi alialikwa mara nne. Mara ya kwanza alikuwa na utepe mwingine. Mara ya pili alikuwa safarini kujifunza namna ya kukata. Mara ya tatu alikuwa ameshatumbuliwa cheoni. Mara ya nne aliyerithi cheo chake alikuja kweli, lakini dereva wake alimpeleka shule nyingine yenye jina linalofanana na letu, akakata utepe wa kule, ambao kumbe ulikuwa wa vyoo. Alitoa hotuba ya saa mbili juu ya thamani ya vitabu, na watu wa kule mpaka leo wanaingia chooni kwa adabu sana.

*

Ndipo akaletwa Mwalimu Siwema Kachenje kuwa mwalimu wa maktaba. Mwanamke mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni, mpole wa sauti. Upole ule ulinitia wasiwasi tangu siku ya kwanza. Aliomba nimwonyeshe waraka unaohusu utepe, akausoma, halafu akausoma tena. Mtu mwema husoma waraka mara moja, tena haraka, akatia sahihi.

"Mzee Kondo," akaniambia, "hapa wamekataza kukata. Kuinama wamekataza?"

Nikapekua faili zima. Kuinama hakukutajwa popote. Kesho yake asubuhi nikawaona watoto wanapita chini ya utepe mmoja mmoja, kama kuku wanaoingia bandani, na yeye mwenyewe nyuma yao, kainama, ameshika miwani.

Nilimfuatilia kwa makini, kwa faida ya taifa. Mle ndani hamkuwa na ubao wala fimbo. Alitandika mikeka, akapanga vitabu kwenye rafu za chini kabisa, mtoto akajichagulia mwenyewe anachokitaka. Kujichagulia! Na wale wadogo, ambao hawajui kitu, aliwasomea hadithi kwa sauti, na alipofika mahali patamu, yaani fisi ameshatia mguu kwenye shimo, akafunga kitabu. "Kitabu nakiacha hapa mkekani," akawaambia, "anayetaka kujua kilichompata fisi ajitafutie." Watoto walilia. Wiki ya pili walikuwa wanaulizana herufi. Mimi hiyo naiita hila, na niliiandika hivyohivyo kwenye daftari langu. Ijumaa kila mtoto aliruhusiwa kwenda na kitabu kimoja nyumbani, jina lake likaandikwa kwenye kadi na tarehe ya kukirudisha.

Katika watoto hao alikuwepo Tunu Mavumba, wa darasa la nne. Tunu alikuwa anasoma kwa miaka minne, na katika miaka minne hiyo hakuweza kulitambua jina lake likichanganywa na ya wenzake. Kuitikia aliitikia vizuri kuliko wote. Baada ya mihula miwili kwa Mwalimu Siwema, mtoto yule alianza kusimama njiani. Anasimama mbele ya kopo la maziwa, mbele ya gunia la unga, mbele ya ubao wa matangazo, anatazama. Siku moja akasimama kwenye lango la shule, akatazama juu kwa muda mrefu, halafu akaja ofisini kwangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Babu, pale getini wameandika 'Tulizana: Tunapenda Kukoma'."

Nikamwambia wameandika Kusoma. Akasema, "Hapana, babu, ni Kukoma. Nimeisoma mara mbili." Nikatoka nje na kofia yangu mkononi. Ni kweli. Fundi wa rangi alikosea herufi moja miaka tisa iliyopita, na katika miaka tisa hiyo mawaziri watatu wamepigwa picha wakitabasamu chini ya maneno yale, na picha ya mmojawapo ndiyo iko kwenye kalenda ya Wizara. Nilimwonya Tunu asimwambie mtu. Kisha nikakaa kitini kwangu nikijiuliza ni kitu gani kingine mtoto huyu ameshakiona.

*

Sasa nifike kwenye kicheko.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Kule maktaba palikuwa kimya, kimya kile cha watu thelathini waliomo ndani, ambacho ni kibaya zaidi ya kelele. Mara nikasikia mtoto akicheka. Si kicheko cha kundi, hicho tunakijua na kina kibali chake kwenye sherehe. Kilikuwa kicheko cha mtu mmoja, kimemponyoka. Nikaweka sikio ukutani. Hakuna aliyesema neno kabla yake, na hakuna aliyesema neno baada yake. Nikachungulia dirishani: Tunu, kalala kifudifudi mkekani, kitabu mbele yake, midomo imefungwa, mabega yanatikisika.

Nilijaza Fomu ya Taarifa Namba Tisa, kama inavyotakiwa. Kilichosikika: kicheko. Idadi ya waliocheka: mmoja. Jina la aliyemchekesha: hayupo. Hapo kwenye "hayupo" kalamu ilisita, maana niliona uzito wake. Hata hivyo niliituma.

Alhamisi akaja Ndugu Hemedi Chambulila, afisa mwandamizi wa Idara ya Ufuatiliaji wa Usomaji. Alikuja na wasaidizi wawili, mmoja amebeba mkoba, mwingine amebeba ufunguo wa mkoba, kila mmoja na gari lake kwa sababu za kiusalama. Ndugu Chambulila ana kitambi cha cheo chake. Alipofika kwenye mlango wa maktaba akautazama utepe, akajaribu kuinama, akasikia kitu kimelia kiunoni, akaamua kwamba mahojiano yatafanyika hapohapo, yeye nje na mtuhumiwa ndani, utepe katikati yao. Mimi niliandika.

"Mtoto," akaanza, "ulikuwa unasoma nini?"

"Darasa la nne, shikamoo."

"Marahaba. Sikukuuliza darasa. Siku ya Jumanne, saa nne, ulikuwa unasoma nini?"

"Kitabu cha Mbuzi Aliyekula Tangazo."

"Mbona sauti haikusikika?"

"Nilikuwa nasoma kimoyomoyo."

Ndugu Chambulila akageuka akanitazama. "Umeandika hilo?" Nikasema nimeandika. "Moyomoyo," akarudia polepole. "Yaani mambo yanapita moja kwa moja kutoka kitabuni mpaka moyoni, na hapa katikati hakuna afisa yeyote anayesikia. Nani kakufundisha?"

Mwalimu Siwema akasogea. "Mimi, Ndugu Afisa. Mtoto akishazoea, anasoma hivyo. Hata wewe unasoma hivyo."

"Mimi nasomewa," akajibu Ndugu Chambulila kwa heshima yake. Akaomba kadi ya kitabu, akaishika mbali na macho. "Hapa jina la huyu mtoto limeandikwa mara nne. Mara nne kitabu kimoja! Mara ya kwanza hukukielewa?"

"Nilikielewa."

"Sasa kama ulikielewa, mara ya pili ulirudi kutafuta nini?"

Tunu akafikiri. "Nilirudi kukisoma."

"Andika kwamba mtuhumiwa amekwepa swali. Haya, mbuzi huyu ni nani?"

"Ni mbuzi."

"Mbuzi wa nani?"

"Hajasemwa. Jumbe alibandika tangazo kwenye mti, mbuzi akalila kabla watu hawajalisoma. Jumbe naye hakumbuki aliandika nini. Sasa akaamuru watu wote watii kilichomo tumboni mwa mbuzi. Mbuzi akisema 'mee', watu wanapanga mstari wanasema 'mee, tumesikia'." Na hapo, mbele ya afisa mwandamizi, mtoto akacheka tena, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Hakuna mwingine aliyecheka. Msaidizi wa ufunguo alikohoa kwa muda mrefu, akaomba kwenda kunywa maji. Ndugu Chambulila alikuwa amekunja uso, anahesabu kwa vidole jumbe anaweza kuwa nani, tangazo lipi, mbuzi wa wilaya gani. Kila alipofika kwenye kidole cha tatu aliogopa, akaanza upya.

*

Alasiri hiyo alikaa ofisini kwangu akaniamuru nichape. Alisema kwa sauti ya hotuba, anatembea huku na huku, na mimi nikachapa kila neno kama lilivyotoka.

"Kwa kuwa vitabu ni hazina ya taifa. Na kwa kuwa hazina huibwa. Na kwa kuwa watoto wana mikono, na zaidi ya mikono wana mioyo. Inaagizwa kwamba vitabu vyote vya maktaba ya Tulizana vihifadhiwe kikamilifu na mwalimu wa maktaba akisaidiwa na wanafunzi, ifikapo Ijumaa ya wiki ijayo. Pasiwepo ukurasa hata mmoja usiohifadhiwa. Baada ya hapo lori la Idara litavichukua mpaka Ghala Kuu, ambako vitakuwa salama dhidi ya wasomaji."

Alitia sahihi yenye mikia mitatu. Mimi nilipeleka nakala kwa Mwalimu Siwema mwenyewe. Sikujisikia vizuri, nakiri. Vitabu vile vilikuwa mia moja na thelathini, vyembamba, na kulikuwa na watoto ambao hawakuwahi kushika kingine. Vikiondoka, Tunu angerudi kwenye ubao, kuitikia na wale sabini, na nilijua hilo siku ile kama ninavyolijua leo.

Mwalimu alisoma waraka. Akausoma tena, kama kawaida yake. Aliondoa miwani, akaifuta kwa kanga, macho yamelowa. Kisha nikaona ameganda kwenye neno moja.

"Mzee Kondo. Wameandika 'vihifadhiwe'?"

"Ndivyo alivyosema. Nimechapa mwenyewe."

"Na 'akisaidiwa na wanafunzi'?"

"Ndiyo."

"Babangu alikuwa na chuo cha Kurani," akasema. "Sisi watoto wake tulilala tukihifadhi, tukaamka tukihifadhi. Unajua kuhifadhi ni nini, mzee wangu?"

Nikamwambia kuhifadhi ni kufungia kitu ndani ya gunia, ukashona mdomo wa gunia, ukaliweka darini. Akasema ndiyo, na hiyo pia. Halafu akaenda mlangoni akapiga kengele, wakati haukuwa wa kengele.

Wiki ile sitaisahau. Watoto walikuwa mia tatu na kitu. Kurasa aliwagawia kwa mkono: wewe chukua ya kwanza, wewe ya pili, mwenye kichwa chepesi achukue mbili. Kila mtoto akahifadhi ukurasa wake neno kwa neno, na asiyejua kusoma ilimbidi ajue upesi, maana mwenzake wa ukurasa unaofuata alikuwa anamngoja. Wakubwa waliwasomea wadogo, wadogo wakawasahihisha wakubwa. Uwanja mzima ulinong'ona. Ukitaka kitabu kizima, unaita watoto kumi na wawili wanapanga mstari, wa kwanza anaanza, wa kumi na mbili anamaliza. Siku moja nilisikia hadithi ya fisi inakatika katikati, nikauliza kuna nini, wakanijibu, "Ukurasa wa saba ana mafua, babu."

Watoto wakihifadhi kwa namna hiyo, wengine mpaka kurasa kumi kumi, vitabu vyote mia moja na thelathini vilipata vichwa vya kukaa. Tunu peke yake alikataa kugawana. Mbuzi alimhifadhi wote, kuanzia pembe mpaka mkia.

Mimi nilikuwa natakiwa kutoa taarifa. Nilikaa na fomu mbele yangu siku tatu. Lakini ningeandika nini? Waraka umeagiza vihifadhiwe, na wao wanahifadhi. Nilijiambia kwamba kutii si jambo la kutolea taarifa.

*

Ijumaa lori likaja. Askari wanne walipita chini ya utepe kwa magoti, wakatoka na vitabu ndani ya magunia, magunia yakashonwa. Kamusi nyembamba ya maktaba ilitangulia. Watoto walisimama mistarini uwanjani, wametulia kupita kiasi, na Mwalimu Siwema alisimama pembeni, mikono nyuma.

Ndugu Chambulila alipanda kwenye kiti nilichomletea. "Wananchi wadogo," akasema, "leo ni siku kubwa kwa usomaji katika nchi yetu, kwa kuwa kuanzia leo vitabu havitachakazwa tena na macho. Nauliza mbele ya mashahidi: vitabu vimehifadhiwa?"

"Ndiyooo!"

"Vyote?"

"Vyote!"

"Hakuna ukurasa uliosahaulika?"

"Hakunaaa!"

Alifurahi. Laiti angeishia hapo. Ila mtu wa idara yake hawezi kuondoka bila kuhakiki, na alimnyooshea kidole mtoto aliyekuwa karibu, ambaye alikuwa Tunu. "Nionyeshe ulivyohifadhi."

Tunu akapiga hatua moja mbele, akaanza. "Hapo zamani palikuwa na jumbe aliyependa sana matangazo." Hakusita. Jumbe akabandika, mbuzi akala, watu wakapanga mstari, na alipofika kwenye "mee, tumesikia", watoto mia tatu wakaitikia kwa sauti moja, "Mee, tumesikia!" Halafu mistari mingine ikaanza, kila kundi na kitabu chake, fisi huku, mvua huku, namna ya kupanda mchicha kule, nchi nzima ya vitabu inasema kwa wakati mmoja. Askari mmoja aliweka gunia chini akasogea karibu na fisi, ili ajue kama alitoka shimoni.

"Basi!" akapiga kelele Ndugu Chambulila. "Basi! Nilisema vihifadhiwe!"

"Ndivyo, Ndugu Afisa," akasema Mwalimu Siwema kwa ule upole wake. "Vimehifadhiwa kikamilifu. Kama kuna kosa kwenye waraka, turekebishe pamoja. Sahihi ni yako."

Niliona jasho likimtoka. Unajua, kwetu afisa mwandamizi hakosei, sheria imeeleza hivyo ili kuokoa muda. Kusema watoto wamekosea kuhifadhi kungekuwa kusema waraka umekosea kuagiza. Msaidizi wa mkoba alimnong'oneza kwamba, kwa mujibu wa waraka huohuo, vitabu vilivyohifadhiwa vinatakiwa kupanda lori mpaka Ghala Kuu. Ndugu Chambulila aliwatazama watoto mia tatu, akalitazama lori, nami nikaona kabisa anapima. Wazazi walikuwa wameshaanza kusogea kutoka barabarani.

Alishuka kwenye kiti. Aliandika: "Zoezi limefanikiwa kwa asilimia mia moja." Lori likaondoka na magunia.

Mwalimu Siwema alipewa uhamisho Jumatatu yake, kwenda shule ambayo bado haijajengwa, akaisubiri kwenye kiwanja. Kabla hajaondoka aliwakusanya watoto nyuma ya maktaba. Nilisikia, ukuta ni ule ule. "Kichwani hapatoshi," aliwaambia. "Mtakua, mtahama, mtasahau. Andikeni sasa hivi, msingoje." Sikuijazia fomu kauli hiyo. Nilijiambia wino umekauka.

*

Alisema kweli. Haukupita mwezi, ukurasa wa nne wa mvua ulihamia mkoa mwingine na wazazi wake. Ukurasa wa kumi wa mchicha uliugua surua, ukapona, ila mistari miwili haikurudi. Ubaoni walirudi kuitikia. Wizara ilitangaza asilimia mia moja na tatu.

Jumatano moja, saa za mapumziko, Tunu akaja ofisini na madaftari kifuani, zaidi ya thelathini, mengine yameandikwa kwa penseli, mengine kwa mkaa.

"Shikamoo, babu. Tumeviandika. Lakini miandiko yetu mibaya, wadogo hawaisomi. Tunaomba utuchapie."

Nikamwuliza kama anajua kazi yangu ni nini. Akasema anajua, ni kuchapa. Nikafungua daftari la juu. Lilikuwa lake, Mbuzi Aliyekula Tangazo. Mwanzo ulikuwa uleule. Kufika katikati nikaona mtu ambaye hakuwemo kwenye kitabu cha serikali. Karani. Ofisi yake imepakana na zizi, ukuta mwembamba, anasikia mbuzi akitafuna karatasi. Jumbe anakuja mbio, anamuuliza, "Karani, umesikia nini?" Na karani anajibu, "Sikusikia kitu, mheshimiwa. Labda upepo."

"Huyu karani umemtoa wapi?" nikamwuliza.

"Nimemuongeza mwenyewe. Ni wewe, babu. Wewe unakaa hapa ukutani siku zote, unatusikia, na hukutusema." Akanitazama usoni. "Umekasirika?"

Fomu Namba Tisa ya Jumanne ile, nakala yake ilikuwa kwenye droo, upande wa mkono wangu wa kulia, nafasi ya kiganja kimoja kutoka alipokuwa amesimama. Niliona aibu mpaka masikioni. Miaka thelathini na mmoja sijawahi kuona aibu ofisini, sikujua hata mtu aiweke wapi. Nikamwambia sikukasirika. Nikamwambia aache madaftari, arudi Ijumaa.

Akiwa bado mlangoni, simu ikalia. Ilikuwa Idara. Ndugu Chambulila alikuwa anafunga mahesabu ya magunia na alitaka uhakika wa mwisho kabla ya kuweka muhuri.

"Ndugu karani, wewe ni mtu wetu. Hapo shuleni kimebaki kitabu chochote? Mbona nasikia kama karatasi zinafunuliwa?"

Mbele yangu yalikuwa madaftari thelathini na moja. Hakuna fisi wawili waliofanana, mmoja alitoka shimoni, mwingine aliolewa humohumo. Tunu alisimama anasubiri nimalize kuzungumza ili aniage.

"Hakuna hata kimoja, Ndugu Afisa," nikasema. "Unachosikia labda ni upepo."

Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa serikali, na niliusema bila kigugumizi, kwa kuwa mtoto alikuwa ameshaniandikia.